Mwandishi Anapojichapishia: Kithaka wa Mberia, Shaaban Robert na Ukurasa Tunaouruka

Watahiniwa waliosoma tamthilia ya Kifo Kisimani katika miaka ya 2000 wangeweza kukutajia sifa za Mtemi Bokono, umuhimu wa Mwelusi na namna Gege alivyogeuzwa chombo cha kumwangamiza ndugu yake. Wangeweza pia kukutolea hoja kumi za ufaafu wa anwani. Lakini ungewauliza nani alichapisha kitabu walichokishika mkononi, wengi wangefungua jalada, wakasoma Marimba Publications, wakanyamaza. Swali hilo halikuwahi kutahiniwa. Hata sisi walimu hatukuliuliza, kwa sababu tumezoea kuanza usomaji penye orodha ya wahusika na kuuruka ukurasa ulio kabla yake, ule wenye jina la mchapishaji, mwaka na hakimiliki.

Marimba Publications ni kampuni ya Kithaka wa Mberia mwenyewe. Yaani tamthilia iliyosomwa katika shule za sekondari nchini kote, ikawekwa kwenye karatasi ya tatu kando ya kazi za mashirika makubwa, ilitolewa na mtu aliyeiandika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jambo hilo si la pembeni kwa mhakiki. Namna kitabu kilivyofika ukurasani huathiri fani yake, wakati mwingine maudhui yake, na mara nyingi namna sisi tunavyokisoma.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja ambao hata katika vyumba vya walimu haukosi. Mchapishaji na mpiga chapa si mtu mmoja. Mpiga chapa ana mashine na wino. Analipwa kazi yake kama fundi yeyote, kitabu kiuzwe kisiuzwe. Mchapishaji ndiye anayeamua mswada uwe kitabu, anayegharamia uhariri, upangaji wa kurasa, jalada na karatasi, na anayebeba hasara ikiwa nakala zitabaki ghalani. Mwandishi wa kawaida humkabidhi mchapishaji mzigo huo na kungojea mrabaha. Anayejichapishia huubeba wote. Hapa Kenya ataomba nambari ya ISBN kutoka Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, atawasilisha nakala zinazotakiwa na sheria, atamlipa mpiga chapa kabla ya kuuza nakala moja, kisha atazunguka na katoni akiwabembeleza wenye maduka ya vitabu, ambao nao wanataka punguzo la kuridhisha na muda wa kulipa. Baada ya hayo yote ndipo anaporudi mezani kuandika kingine, kama nguvu zimesalia.

Kwa nini basi mtu achague njia hiyo? Kwa Kithaka, jibu moja linaonekana katika mashairi yake. Mchezo wa Karata ilitoka mwaka 1997 na Bara Jingine mwaka 2001, zote chini ya Marimba. Mwalimu anayezifungua kwa mara ya kwanza akitafuta vina, mizani na mikondo ya utenzi atapigwa na butwaa. Haya ni mashairi huru, lakini uhuru wake si wa kutupa arudhi tu. Urefu wa mshororo, nafasi tupu, neno lililoachwa peke yake, maneno yanayoteremka ukurasani badala ya kufuatana katika mstari, vyote hivyo ni sehemu ya maana. Jicho linasoma kabla ya sikio. Shairi la namna hii lina adui mmoja asiyetajwa katika vitabu vyetu vya nadharia, naye ni mpangaji kurasa mwenye haraka. Shirika lililo na miswada arubaini mezani halina budi kubana karatasi. Nafasi tupu kwake ni gharama. Mwandishi aliye mchapishaji wake mwenyewe anaweza kuamua kwamba nafasi ile ibaki tupu, kwa kuwa fedha inayopotea ni yake.

Ninasisitiza hoja hii kwa sababu mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko umefundishwa kana kwamba ulikuwa ubishi wa kinadharia pekee. Tunamtaja Kezilahabi na Kichomi, mwaka 1974, tunawataja waliompinga, tunafunga daftari. Hatuulizi nani alikuwa tayari kugharamia uchapishaji wa mashairi ambayo wasomaji wengi waliapa kuwa si mashairi. Kila diwani huru iliyotufikia ilihitaji mtu wa kuweka fedha zake hatarini. Kwa Kichomi alikuwa Heinemann. Kwa Mchezo wa Karata alikuwa mshairi mwenyewe.

Katika tamthilia hali ni tofauti kidogo. Natala, iliyotoka pia 1997, ni mchezo wa mjane anayekataa kurithiwa. Wakene, shemeji yake, anamtaka yeye pamoja na ardhi; Chifu naye anatumia kiti chake kumnyanyasa. Natala hawakubali, na Kithaka hamfanyi alie hadi mwisho kama wajane wengi wa fasihi yetu ya awali. Tukumbuke mwaka wenyewe. Mwaka 1997 ndio Bunge lilipopitisha marekebisho yaliyotokana na makubaliano ya vyama kabla ya uchaguzi mkuu, na miongoni mwa sheria zilizoguswa ni ile ya mamlaka ya machifu. Mchezo wenye Chifu wa namna ile ulitoka wakati nchi ilikuwa ikijadili chifu awe na nguvu kiasi gani. Anayejichapishia hangoji kamati ya uhariri ikae robo ya mwaka ijayo. Kitabu chake kinaweza kutoka jambo likiwa bado linachemka.

Lakini tusigeuze uhakiki kuwa sifa tupu. Njia hii ina gharama yake, nayo huonekana kwenye maandishi. Katika Kifo Kisimani, kwa mfano, Kithaka ameipa lugha ya mazungumzo uzito wa kishairi usiopungua. Mwelusi akizungumza, tamathali zinamiminika. Hilo linamfaa, yeye ni kiongozi na mhamasishaji. Tatizo ni kwamba wengine nao, wanyonge kwa wenye nguvu, walinzi kwa wafungwa, huzungumza kwa picha zilizochongwa kwa patasi ileile. Mtahiniwa aliyepewa dondoo lisilo na jina la msemaji alikuwa na haki ya kutatizika. Mhariri mkali, asiye rafiki wa mwandishi, pengine angedai sauti zitofautishwe: huyu apunguziwe methali, yule aongee kama mtu aliyekesha zamu. Kuna walimu watakaopinga hoja hii wakisema Butangi ni nchi ya kubuni na lugha yake haina sababu ya kufuata lugha ya mtaani. Ni jibu zuri, lakini halinitoshelezi. Hata nchi ya kubuni ina vijana na wazee.

Hapa panahitaji tahadhari moja. Wapo wanafunzi wepesi ambao, wakishaambiwa habari ya Marimba, watakimbilia kusema kisima cha Butangi ni sitiari ya uchapishaji, Bokono ni shirika kubwa na Mwelusi ni mwandishi huru. Tuwazuie kwa upole. Kisima katika tamthilia ile kinabeba uhai, haki na rasilimali ya umma, na matini yenyewe inatosha kulithibitisha hilo. Wasifu wa mwandishi ni taa ya kumulikia matini, hauruhusiwi kuandika matini upya.

Kithaka hakuwa wa kwanza. Mtangulizi wake mkubwa ni yule ambaye kila mwanafunzi wa Kiswahili anamjua kwa jina, ingawa upande huu wa maisha yake haufundishwi. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Machui, Tanga, akafanya kazi ya ukarani serikalini tangu 1926: forodha kwanza, baadaye idara ya wanyamapori, ofisi ya jimbo na ofisi ya upimaji. Aliandika usiku na siku za mapumziko. Vitabu vyake vilitegemea milango iliyokuwa mbali na Tanga. Pambo la Lugha ilichapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mwishoni mwa miaka ya 1940. Kusadikika ilitolewa na Nelson mwaka 1951, Adili na Nduguze na Macmillan mwaka 1952. Huku Afrika Mashariki kulikuwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930, yenye kuidhinisha Kiswahili cha vitabu vya shule, na baadaye, kuanzia 1948, Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Mwandishi wa Kiafrika alikuwa na kalamu. Mashine, karatasi na kibali vilikuwa kwa wengine.

Kuelekea mwisho wa maisha yake Shaaban Robert aliamua kuwa mchapishaji. Vitabu kama Masomo Yenye Adili, Insha na Mashairi na Almasi za Afrika, vya 1959 na 1960, vilitolewa chini ya jina Art and Literature, Tanga, nayo ilikuwa kampuni yake. (Ajabu ndogo: mshairi aliyekitetea Kiswahili kuliko mwingine yeyote wa zama zake alikipa kiwanda chake jina la Kiingereza. Labda alijua barua za benki na za wapiga chapa zingesomwa na nani.) Juhudi hiyo haikudumu. Alifariki Juni 1962, na baadaye kazi zake nyingi zikakusanywa na Nelson katika mfululizo wa Diwani ya Shaaban.

Hapa ndipo ukurasa tunaouruka unapotugharimu. Kufikirika iliandikwa katika miaka ya 1940, lakini ilichapishwa na Oxford mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka mwaka 1968. Mwalimu anayeandika mwaka wa kuchapishwa ubaoni na kuanzia hapo kueleza usuli wa kazi atawaambia wanafunzi kwamba Utubora, anayeacha kazi ya mjini kwa Ahmed na kwenda kulima Busutamu, ni mwitikio wa Azimio la Arusha. Hoja inavutia. Kijiji kipo, jembe lipo, kujitegemea kupo. Kasoro yake ni kwamba Azimio lilitangazwa Februari 1967 na mwandishi alikuwa kaburini tangu 1962. Waliofanya riwaya ile isomeke kama ya Ujamaa ni wachapishaji waliochelewa, na wasomaji wa 1968 waliokuwa na Azimio vichwani. Utubora wa Shaaban Robert ni mtu wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wa enzi ya ukoloni, na uamuzi wake wa kurudi shambani ni wa kimaadili kabla ya kuwa wa kisiasa. Vivyo hivyo Kufikirika: msomaji anayeiona kama kejeli kwa viongozi wa baada ya uhuru anamhesabia mwandishi utabiri ambao hakuudai.

Je, mambo yangekuwaje kama Art and Literature ingeanza miaka kumi mapema na ikapata mtaji? Siwezi kujibu, na mhakiki hapaswi kujibu. Lakini swali lenyewe linatukumbusha kwamba orodha ya kazi za mwandishi jinsi zinavyofuatana katika vitabu vyetu vya rejea ni orodha ya maamuzi ya wachapishaji. Anayetaka mfuatano wa mawazo ya Shaaban Robert aanzie kwingine. Barua zake za 1931 hadi 1958 kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, zilizohaririwa na Mulokozi na kutolewa na TUKI mwaka 2002, ni mahali pazuri, na shule yenye uwezo iziweke maktabani.

Jambo moja linawaunganisha Shaaban Robert na Kithaka wa Mberia, nalo ni mshahara. Mmoja alikuwa karani, mwingine mhadhiri wa isimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Uhuru wao wa kuchapisha walichotaka ulilipiwa na kazi nyingine. Ndiyo maana waliweza kutoa mashairi, aina ya kitabu ambayo muuza vitabu huiweka rafu ya chini kabisa.

Ukitaka kuona jinsi njia hii inavyokuwa pasipo mshahara, mtazame David Maillu. Comb Books yake ya miaka ya 1970 ilitegemea mnunuzi wa barabarani, mtu wa ofisini anayetoka kazini na shilingi chache mfukoni. Unfit for Human Consumption, My Dear Bottle na After 4:30 ziliandikwa kwa Kiingereza chepesi, zikauzwa kwa kasi na kushutumiwa kwa kasi hiyohiyo. Mwaka 1976 Tanzania ilizipiga marufuku kazi zake. Kwa mwalimu wa Kiswahili, kazi yake inayostahili kutazamwa ni ya baadaye, Without Kiinua Mgongo, aliyoitoa mwenyewe mwaka 1989, ambamo Kiingereza na Kiswahili vimechanganywa makusudi kama wanavyozungumza watu wa Nairobi. Sidhani ingefaulu katika mtihani wetu wa sarufi. Sidhani pia shirika lenye jicho kwenye soko la shule lingeikubali. Imo katika historia ya fasihi yetu kwa kuwa mtu mmoja hakuhitaji ruhusa, na mwanafunzi anayeandika insha kuhusu kuchanganya ndimi angefaidika zaidi na kurasa chache za kitabu kile kuliko na mifano ya kubuni tunayomwandikia ubaoni.

Tanzania nayo ilikuwa na kizazi kizima cha namna hii. Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974 kupitia Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, kisha Kikosi cha Kisasi ikatoka 1979 chini ya Continental Publishers, kampuni yake. Ben Mtobwa, aliyefariki 2008, alianzisha Heko Publishers akatoa visa vya Joram Kiango; Dar es Salaam Usiku ilitoka huko kabla ya kuchukuliwa na East African Educational Publishers hapa Nairobi. Tunaziita riwaya pendwa na kuzipita haraka. Lakini mtindo wake, sura fupi, mwisho wa sura unaoacha taharuki, mpelelezi yuleyule kitabu baada ya kitabu, unaeleweka vyema zaidi ukijua mwandishi alihitaji msomaji wa leo anunue pia kitabu cha kesho ili mpiga chapa alipwe.

Na kuna uchapishaji huru ambao gharama yake si fedha. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika kijikaratasi Kenya: Twendapi?, kikasambazwa, na mwaka uliofuata akafungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa na Oxford mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki, yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Sauti ni ileile ya mtu yuleyule. Ilipotoka bila jina la shirika iliitwa uchochezi, na ilipotoka na nembo ya Oxford iliitwa fasihi.

Nimeyaeleza haya kwa sababu katika mijadala yetu hujitokeza kauli kwamba kitabu cha mwandishi aliyejichapishia hakistahili kuhakikiwa, eti angekuwa mzuri wangemchapisha. Kauli hiyo inafanya jina la shirika liwe hakimu badala ya matini. Paneli ya Taasisi ya Elimu iliyoipendekeza Kifo Kisimani haikufikiri hivyo. Hata hivyo mlango umezidi kuwa mwembamba. Tangu 2018, serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada na kuvipeleka shuleni moja kwa moja, mwandishi wa pekee hawezi tena kumfikia mkuu wa idara akiwa na katoni ya vitabu na kumshawishi anunue nakala thelathini kama zamani. Ushuru wa asilimia 16 kwa vitabu, ulioanza 2013, nao haukumsaidia. Upande mwingine, upangaji wa kurasa unafanyika kwenye kompyuta ndogo, na mpiga chapa wa leo anaweza kukubali nakala mia moja tu. Ndiyo maana walimu wengi wana diwani na riwaya zao ndani ya mikoba.

Vitabu hivyo tuvisome kwa ukali uleule tunaousomea vingine. Vingi vina makosa ya tahajia ambayo mhariri angeyanasa siku moja, na visingizio havitakiwi. Aliyeamua kuwa mchapishaji amekubali pia kazi ya kumlipa mhariri. Vingine vimejaa dibaji za kujisifu. Lakini kabla ya kutoa hukumu tuulize maswali yaleyale: ploti inashikamana? Wahusika wana nafsi? Lugha inafanya kazi au inapamba tu?

Kwa mtahiniwa, ushauri ni mfupi. Unapoulizwa usuli wa kazi, tofautisha mwaka wa kuandikwa na mwaka wa kuchapishwa iwapo unavijua vyote viwili, na ukijua kimoja tu, sema ni kipi. Mtahini mwenye busara hataiona tarehe ya 1968 kwenye jalada la Utubora Mkulima kuwa ushahidi wa Ujamaa, na wewe usimlazimishe. Mwalimu naye, siku ya kwanza ya kusoma kitabu chochote, awape wanafunzi dakika tano za ukurasa ule wa hakimiliki: nani alitoa, wapi, lini, chapa ya ngapi, na haki ni za nani. Dakika hizo zitatosha kabla ya kuingia Tendo la Kwanza.